Uhandisi: Mlimani au chuo kidogo? Namna ya kuchagua, hatua kwa hatua

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na dirisha la udahili likafunguliwa, nyumba nyingi Tanzania huingia katika mjadala uleule. Kijana kasoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), kafaulu, anataka uhandisi. Baba anasema Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), basi. Mjomba aliyepitia DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, anasema mtoto akashike spana kwanza. Mama anauliza ada na mahali pa kulala. Mwishowe maombi yanajazwa kwa kumfuata aliyeongea kwa nguvu kuliko wengine, na kijana anaishi na uamuzi huo miaka minne.

Mimi naamini jambo moja, na mwongozo huu wote umejengwa juu yake: uhandisi haufundishwi na chuo, unafundishwa na idara. Idara ni wahadhiri wachache, mafundi sanifu wa maabara, karakana moja au mbili, na wenzako mtakaokaa nao mpaka usiku mkifanya michoro. Ndani ya chuo kikuu chenye maelfu ya wanafunzi unaweza kukuta idara ndogo inayomjua kila mwanafunzi kwa jina. Ndani ya chuo kidogo unaweza kukuta darasa limefurika mpaka dirishani. Kwa hiyo usiishie getini kusoma kibao. Fika mlangoni mwa idara.

Hatua ya 1: Jua unaingilia mlango gani

Kuna njia mbili za kawaida. Ya kwanza ni kidato cha sita, kisha shahada ya miaka minne. Kwa uhandisi mwingi vyuo hutaka Fizikia na Hisabati ya Juu, na kiwango cha chini cha TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ni alama za ufaulu mkuu katika masomo mawili zinazofikia pointi 4. Hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba tu. Kozi zinazogombaniwa hujaa kwa wenye pointi nyingi zaidi.

Njia ya pili huanzia kidato cha nne. Unaingia chuo cha ufundi, unapanda ngazi za elimu ya ufundi ziitwazo NTA, ya 4, 5 na 6, na baada ya miaka mitatu una stashahada. Ukiwa na GPA (wastani wa alama zako) isiyopungua 3.0 unaweza kuomba shahada. Kwa hesabu ya miaka, anayepitia kidato cha sita hutumia sita tangu kidato cha nne mpaka shahada, na wa stashahada hutumia saba. Mwaka mmoja tu wa ziada, na katikati ya safari tayari ana cheti cha kuombea kazi. Katika utumishi wa umma mwenye stashahada huajiriwa kama fundi sanifu, na mwenye shahada, akishasajiliwa, kama mhandisi. Familia ambayo haina uhakika wa kumgharamia mtoto mpaka mwisho iitazame njia hii kwa makini sana. Kumsukuma kidato cha sita kwa sababu majirani wanaona stashahada ni ya walioshindwa ni kumwonea mtoto.

Vyuo vinavyofundisha njia hii vina historia ndefu. DIT ilianza mwaka 1957 ikiwa taasisi ya ufundi ya Dar es Salaam, miaka mingi kabla Mlimani haijafungua kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973. Chuo cha Ufundi Arusha kilianza mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Chuo cha Mbeya kilianza mwaka 1986 kikiwa chuo cha ufundi, na leo ni MUST, chuo kikuu kamili cha sayansi na teknolojia. Ndiyo maana karakana zina nafasi kubwa katika vyuo hivi: vilizaliwa kufundisha mafundi sanifu, na shahada zikaja juu ya msingi huo.

Hatua ya 2: Hakikisha shahada hiyo inasajilika

Hapa usiwe na haya ya kuuliza. Tanzania huwezi kujiita mhandisi na kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, yaani ERB, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997. Ukihitimu unasajiliwa kama mhandisi mhitimu. Unafanya kazi chini ya uangalizi, wengi kupitia SEAP, mpango wa mafunzo kazini kwa wahitimu wa miaka mitatu ulioanza mwaka 2003, kisha unaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Ngazi zote hizo zinasimama juu ya cheti chako cha kwanza.

Ithibati ni vitu viwili tofauti. Kwanza, chuo na programu viwe vinatambuliwa na TCU kwa shahada za vyuo vikuu, au na NACTVET, baraza la elimu na mafunzo ya ufundi, kwa ngazi za NTA. Pili, ERB yenyewe iwe inaitambua programu hiyo. Kitu cha kwanza kinaonekana katika miongozo ya udahili inayotolewa kila mwaka. Cha pili, piga simu au andika barua pepe kwa Bodi, taja jina la programu neno kwa neno, na utunze jibu. Jina linaweza kukupotosha: programu yenye neno "teknolojia" na yenye neno "uhandisi" zinaweza kufundishwa jengo moja, lakini zikaishia katika madaraja tofauti ya usajili.

Kwa majirani zetu Kenya suala hili limewaumiza vijana wengi. Kulikuwa na wahitimu waliomaliza miaka mitano ya shahada ndipo wakagundua Bodi ya Wahandisi haiitambui programu yao, na mgogoro ukafika mahakamani. Baadhi yao walisoma vyuo vikuu vikubwa vya serikali. Ukubwa wa chuo haukuwakinga.

Hatua ya 3: Tafuta idadi ya wanafunzi wa programu yako

Watu wakisema chuo kikubwa au kidogo huwa wanafikiria eneo na majengo. Wewe tafuta namba moja: programu hiyo huchukua wanafunzi wangapi kwa mwaka. Huhitaji kubahatisha. Fungua mwongozo wa udahili wa TCU, na kila programu ina sifa za kuingia, muda wa masomo na nafasi zilizopo. Mwongozo wa NACTVET nao unaonyesha nafasi, pamoja na ada. Safu hiyo ya nafasi watu huiruka, na kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Tuseme programu ina nafasi 150. Maabara ya umeme ina meza kumi zenye vifaa kamili. Wanafunzi wakigawanywa vikundi vya watano watano, ni vikundi 30, na meza kumi zinahitaji zamu tatu kila wiki kwa jaribio moja. Hapo idara itafanya mojawapo ya mambo mawili. Ama itaweka zamu tatu kweli, na uone ratiba inayokwenda mpaka Jumamosi. Ama itajaza watu kumi na watano kwa meza, wawili wakashika nyaya na waliobaki wakanakili namba. Chuo chenye nafasi 40 na meza tano kinafikia watu wanane kwa meza hata bila zamu. Kinachokuhusu ni uwiano huo wa watu na vifaa, kuliko ukubwa wa chuo.

Kuna kingine cha kufahamu kuhusu chuo kikuu. Mwaka wa kwanza masomo ya pamoja, hasa hisabati na mekanika, hukusanya wanafunzi wa programu nyingi katika ukumbi mmoja. Mhadhiri yuko mbali, kipaza sauti kinakwaruza, na ukikaa nyuma huoni ubao. Watu hukata tamaa hapo, wengine huanza kubeba sapu (mitihani ya kurudia), na wapo wanaodisko, yaani wanaofukuzwa masomo kwa kufeli. Kuanzia mwaka wa tatu mambo hubadilika: mmegawanyika kwa fani, darasa limepungua, na msimamizi wa mradi wako anakujua. Chuo kidogo kina faida yake kubwa mwaka wa kwanza. Chuo kikuu huonyesha nguvu zake mwaka wa nne, kwenye miradi, maktaba, na wataalamu wa fani nyembamba ambao chuo kidogo hakiwezi kuwaajiri.

Hatua ya 4: Nenda karakana

Ukiweza kufanya hatua moja tu kati ya hizi, fanya hii. Nauli ya kwenda kuona karakana ni ndogo kuliko hasara ya miaka minne. Usiende siku ya maonyesho wakati kila kitu kimepakwa rangi. Nenda siku ya kawaida ya masomo, ukaribie idara, umwombe fundi sanifu wa maabara: "Shikamoo. Naomba kuona karakana, nataka kuomba kozi hii." Wengi watakukaribisha vizuri, kwa sababu mara chache mtu huja kuwauliza kuhusu kazi yao.

Ukiingia, tazama sakafu. Karakana inayofanya kazi ina vipande vya chuma chini ya kerezo (mashine ya kuchongea chuma kinachozunguka), harufu ya mafuta ya kukatia, na vibanda vya kuchomelea vyenye vichwa vya elektrodi vilivyotupwa karibuni. Karakana safi kabisa, yenye mashine zilizofunikwa turubai, inakueleza jambo. Tafuta kibandiko cha tarehe ya kupima usahihi wa vifaa, kwa mfano kwenye mashine ya kuponda vipande vya zege. Kama tarehe ni ya miaka mingi iliyopita, uliza ni lini mashine hiyo ilitumika mara ya mwisho. Uliza pia nani hununua elektrodi, saruji na nyaya za mazoezi: idara, au wanafunzi wanachangishana?

Kila fani ina vyake vya kutazama. Uhandisi ujenzi: maabara ya udongo yenye vifaa vya kushindilia, tanuri la kukaushia linalowaka, na vifaa vya upimaji ardhi vya kutosha kila kikundi kutoka navyo nje. Mitambo: kerezo, mashine za kusaga chuma, uchomeleaji, na injini zilizofunguliwa na kurudishwa na wanafunzi wenyewe. Umeme: mota, transfoma, paneli za udhibiti, na osiloskopu ambazo skrini zake zinawaka. Kompyuta na mawasiliano huhitaji karakana ndogo zaidi, lakini uliza umeme wa dharura na kasi ya intaneti.

Halafu muulize fundi sanifu swali hili: "Mwanafunzi wa mwaka wa pili anashika mashine hii mara ngapi kwa muhula?" Yeye ndiye anayefungua mlango na kuandika daftari la matumizi. Jibu lake liamini kuliko kipeperushi chochote.

Chuo kikubwa kina jambo la kukipa sifa hapa. Idara za CoET, yaani ndaki ya uhandisi na teknolojia pale Mlimani, hupima vifaa na kutoa ushauri wa kihandisi kwa kazi za nje, kwa hiyo zege na nondo za miradi halisi hupita maabarani. DIT nayo hufanya kazi za namna hiyo. Uliza kama wanafunzi huruhusiwa kukaa karibu wakati kazi hizo zinafanyika. Mahali wanaporuhusiwa, kijana anajifunza namna ya kusoma majibu yaliyoharibika, jambo ambalo jaribio la darasani lenye jibu linalojulikana tayari halitamfundisha.

Hatua ya 5: Zungumza na wanafunzi wa mwaka wa tatu

Wa mwaka wa kwanza bado ana furaha ya kuchaguliwa. Wa mwaka wa nne anafikiria kazi. Wa mwaka wa tatu ameona sehemu kubwa ya kozi na bado ana hasira na shukrani zake zote. Mkute kwenye vimbweta, yale mabenchi ya nje wanaposomea, msalimie, umuulize mambo machache yenye majibu ya wazi. Mlianza wangapi, mmebaki wangapi? Mhadhiri asipokuja nani anamalizia mada? Mtihani ukirudi, mnaonyeshwa mlikosea wapi? Fildi (mafunzo kwa vitendo) ya mwaka jana ulifanya wapi, na nani alikutafutia?

Kuhusu walimu, chuo kikuu kina madaktari na maprofesa wengi, na hilo ni jema. Lakini hao hao wana utafiti, ushauri na safari. Kwenye vyuo vidogo unakuta wakufunzi wengi waliotoka saiti au viwandani, na hukaa karakana muda mrefu. Binafsi, kwa miaka miwili ya kwanza namthamini zaidi mwalimu anayepatikana kuliko mwalimu maarufu.

Msichana aulize zaidi. Wasichana wangapi wako kwenye programu? Kuna hosteli ndani ya chuo? Kutoka maktaba au karakana saa nne usiku kuna taa njiani? Waulize wasichana wenyewe, bila mkuu wa idara kusimama pembeni.

Hatua ya 6: Tazama kuna nini kuzunguka chuo

Fildi hutegemea sana chuo kilipo na kinafahamiana na nani. Dar es Salaam ina bandari, viwanda, DAWASA ya maji, TANESCO ya umeme na makandarasi wengi, lakini pia ina vyuo vingi vinavyogombea nafasi hizo hizo. Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo chake cha Kikuletwa, wilayani Hai, cha kufundishia umeme wa maji na nishati jadidifu. Mwanafunzi wa umeme anayevutiwa na mitambo midogo ya maji hatapata kirahisi kitu kama hicho mahali pengine nchini.

Vyuo vya fani moja ndivyo watu huvisahau kabisa. Chuo cha Maji pale Ubungo kiko chini ya Wizara ya Maji, na anayetaka mabomba, visima na usafi wa mazingira anasoma katikati ya watu wa sekta yake. NIT, chuo cha taifa cha usafirishaji, ina uchukuzi na matengenezo ya ndege. DIT tawi la Mwanza ina teknolojia ya ngozi. Kama unajua kwa uhakika unachokitaka, chuo kidogo cha fani hiyo kinaweza kukupeleka mbali kuliko programu pana ya chuo kikuu. Kama bado hujui, chuo kikuu ni salama zaidi, maana utawaona wahandisi wa fani nyingi kabla hujaamua uelekeo.

Hatua ya 7: Piga hesabu ya pesa yote

Ada ni sehemu tu. Andika malazi, chakula, nauli, kompyuta mpakato, vifaa vya kuchorea, buti na kofia ya saiti, na gharama za fildi ikiwa mbali na nyumbani. Chuo kikuu kikubwa hakiwalazi wote ndani. Atakayekosa kitanda kwenye hosteli za Magufuli au Mabibo atapanga Changanyikeni, Msewe au Sinza, na wenye nyumba wengi Dar hutaka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo.

Mkopo wa HESLB, yaani Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, hauegemei chuo kikubwa, huangalia hali ya familia na vipaumbele. Fedha ya chakula na malazi, bumu, imekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu mwaka 2022/23, na kiasi hicho kinafika mbali zaidi katika mji wenye kodi nafuu kuliko katikati ya Dar. Tangu 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa baadhi ya stashahada, zikiwemo za uhandisi, na habari hii haijafika vijijini inavyostahili. Waliofaulu sayansi kwa kiwango cha juu kabisa kidato cha sita waangalie Samia Scholarship, ufadhili wa serikali.

Hatua ya 8: Amua

Andika programu tatu, sio vyuo vitatu. Mbele ya kila moja weka nafasi zake, ulichokiona karakana, alichosema mwanafunzi wa mwaka wa tatu, jibu la ERB, na jumla ya gharama kwa mwaka. Mara nyingi jibu huonekana kabla hujamaliza kuandika.

Ushauri wangu kwa hali zinazojirudia ni huu. Mwenye pointi za juu, anayejisomea bila kusukumwa na anayeota utafiti au shahada ya uzamili: aende chuo kikuu, na avumilie umati wa mwaka wa kwanza. Mwenye pointi za kati anayeelewa kwa mikono kabla ya kuelewa kwa ubao: achague programu ndogo yenye karakana hai, na asijali majirani. Aliyemaliza kidato cha nne akafaulu hisabati na fizikia, na nyumbani mambo ni magumu: stashahada, bila kusita.

Na kuna hali moja ninayoiona mara kwa mara, inayoniuma. Kijana amekosa uhandisi umeme Mlimani, akapewa kozi asiyoitaka pale pale Mlimani, na familia ikamwambia achukue kwa sababu ya jina. Usikubali. Kama moyo uko kwenye umeme, usome umeme MUST, DIT au Arusha. Mwajiri wa mhandisi umeme hatakuuliza ulisoma mtaa gani kabla hajakuuliza kama unaweza kusoma mchoro wa paneli.

Hatua ya 9: Thibitisha, na uweke akiba ya njia ya kurudi

Maombi ya shahada hutumwa chuoni moja kwa moja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu yako ndani ya muda uliowekwa. Tumia namba ya simu yako mwenyewe, sio ya mwenye duka la intaneti aliyekujazia fomu. Wengi wamepoteza nafasi kwa kosa hilo tu.

Kisha fahamu kwamba kuna dirisha la kuhama chuo au programu mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kwa wenye sifa na pale penye nafasi. Tarehe zake ziko kwenye kalenda ya udahili ya TCU. Zinakili kabla hujaripoti, na wiki ya kwanza ile ile nenda karakana uone kama uliyoambiwa ulipotembelea ndiyo yanayofanyika. Kama sivyo, bado una siku chache za kubadili.